Kilindini Niliyoichora Ubaoni

Nimefundisha Jiografia na Historia hapa Machakos kwa muda mrefu kiasi cha kupokea darasani watoto wa watu niliowafundisha, na katika muda huo wote nimeichora Mombasa ubaoni mara zisizohesabika. Nilikuwa na ufundi wangu. Chaki nyeupe kwa kisiwa, chaki ya buluu kwa mikono miwili ya bahari inayokizunguka, nukta ndogo upande wa mashariki kwa bandari ya kale, na msalaba mnene upande wa magharibi kwa Kilindini. Chini yake niliandika kwa herufi kubwa kwamba mikono hiyo ya maji ni mabonde ya mito yaliyozama bahari ilipopanda. Wanafunzi walinakili. Wakaguzi walisifu mwandiko wangu. Mimi mwenyewe sikuwa nimefika Mombasa hata siku moja.

Sikuona haja ya kufika. Niliyoyahitaji yalikuwa kitabuni, na kitabu kile kilikuwa na namna yake ya kusema. Bandari ilikua, kilisema, kana kwamba bandari ni mmea. Reli ilijengwa. Gati zilichimbwa. Shehena ilipakuliwa. Ukurasa mzima wa vitenzi vya kutendwa, na mtendaji hayumo. Ukitafuta mtu katika sura ile ulimpata Mreno na ngome yake, Sultani na bendera yake, Mwingereza na reli yake. Baada ya hao hukumpata mwingine hadi ufike kwenye maswali ya mwisho wa sura, ambako mtu aliyetakiwa kufanya jambo ni mwanafunzi.

Sisi wa Machakos tulikuwa na sababu yetu ya kuipenda sura hiyo, kwa maana ilitutaja. Waingereza walipopanda kutoka pwani waliweka kituo chao hapa wakati Nairobi ni matope na vyura. Kisha reli ikapita mbali, kule kwenye mbuga za Athi, ikatuacha na vilima vyetu. Watu wa mji huu huisimulia habari hiyo kwa majivuno makubwa. Sijawahi kuona watu wengine wanaojivunia kukwepwa. Kila sherehe ya kutoa zawadi shuleni, mgeni rasmi husimama na kutukumbusha kwamba sisi tulikuwa wa kwanza, na wazazi hupiga makofi, na mimi pia nilipiga.

Sasa niseme kuhusu baba yangu.

Baba alifanya kazi Kilindini tangu ujana wake, kabla ya uhuru, hadi nilipokuwa sekondari. Alikuwa kuli. Alibeba magunia kutoka melini hadi ghalani, na kutoka ghalani hadi melini, kutegemea dunia ilitaka nini mwaka huo. Alikuja nyumbani Mwala mara moja kwa mwaka, siku chache, akiwa na kikohozi na Kiswahili ambacho majirani walikicheka. Sisi husema "anaenda wapi". Yeye alisema "yuwaenda wapi" na "hino ni n'ni", na watu wa sokoni walimwiga nyuma ya mgongo wake. Alipostaafu alirudi shambani, akafuga mbuzi, akanyamaza.

Nikiwa kidato cha pili nilirudi likizo nikiwa nimejaa sura ile ya bandari. Nilimkuta baba nje akirekebisha ua wa mbuzi. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyeleta habari njema:

"Nau, unajua Mombasa ni kisiwa cha matumbawe?"

Nau ni baba kwa Kikamba. Yeye naye huniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Ni mawe makali, mwaitu," akasema. "Yakata miguu."

"Na unajua kwa nini bandari ilihamia Kilindini?"

"Upande wa kale maji ni machache. Meli kubwa haiingii. Kilindini ni kilindi, jina lenyewe lasema."

"Hilo silo jibu," nikamwambia. "Jibu ni kwamba ni bonde la mto lililozama."

Akarudi kwenye ua wake. Nilikwenda jikoni nikamwambia mama kwamba baba amekaa Mombasa miaka yote hiyo na haijui. Mama hakucheka. Mimi nilicheka, na nilipata alama za juu kabisa darasani muhula uliofuata.

Hiyo ndiyo elimu niliyoipata, na hiyo ndiyo niliyoigawa kwa wengine kwa mshahara wa serikali.

Mama alipofariki nilimleta baba kukaa nami Mumbuni, mtaa wa hapa Machakos. Alikuwa amepita miaka themanini, miguu imepungua nguvu lakini akili nzima. Mwaka juzi, mwalimu wetu mkuu alitangaza kwamba kidato cha tatu watafanya ziara ya masomo Mombasa. Mwalimu mkuu huyo alikuwa mtu wa suti na picha. Aliongea Kiingereza na walimu, Kiswahili na wapishi, na Kikamba na wazazi wenye madeni ya karo. Ziara aliitaka kwa sababu shule ya jirani ilikuwa imekwenda na kubandika picha mtandaoni.

Nilimtajia baba jambo hilo wakati wa chai, kama habari ya kupitisha muda. Akaweka kikombe chini.

"Nami nitakwenda," akasema.

"Nau, ni safari ya wanafunzi. Ni siku nzima kwenye basi."

"Nilikuwa nikienda kwa gari la moshi, daraja la tatu, nimesimama. Nitakwenda."

Mwalimu mkuu alikataa kwanza. Akasema basi ni la wanafunzi na bima haimhusu mzee. Siku mbili baadaye aliniita. Fomu ya kuombea ruhusa ya ziara ilikuwa na pengo lililotaka jina la mtaalamu atakayezungumza na wanafunzi, na yeye hakuwa na mtaalamu.

"Mwalimu, huyo mzee wako alifanya kazi huko bandari, sindiyo?"

"Miaka yake yote."

"Basi tumuandike kama mtaalamu. Lakini asiongee sana. Tuko na gaidi."

Gaidi alimaanisha kiongozi wa watalii. Hivyo ndivyo baba yangu alivyopata cheo cha mtaalamu, kwa sharti kwamba asiseme neno.

Tuliondoka alfajiri. Wanafunzi waliimba hadi Kibwezi, wakalala hadi Voi, wakaamka wakiuliza choo. Baba hakulala. Tulipofika kwenye kivuko cha Makupa, pale bara linapoungana na kisiwa, alijisogeza dirishani na kutazama pande zote mbili kwa upesi, kama mtu anayehakikisha kwamba vitu vyake havijaguswa. Mimi pia nilitazama. Nilitafuta chaki yangu ya buluu. Niliona maji ya rangi ya chai ya rangi, mikoko yenye mifuko ya plastiki, na matangi ya mafuta. Bonde la mto lililozama sikuliona, na kama ningeliona nisingelitambua.

Kiongozi tuliyepewa alitukuta asubuhi ya pili. Alikuwa kijana mwenye fulana ya njano, filimbi shingoni, na sauti ya mtangazaji wa mnada. Alitupeleka kwenye ngome ya Wareno, akatueleza kwa undani unene wa kuta, na akasema mara tatu kwamba mahali hapa pana historia. Alitupitisha Mji wa Kale, akasimama mbele ya kila mlango wenye nakshi ili wanafunzi wapigwe picha. Kulikuwa na mwanamke mzee amekaa kibarazani, anachambua mchele. Wanafunzi walimpiga picha na yeye bila kumsalimu. Baba peke yake alisimama.

"Sabalkheri, bibi," akasema. "Hapa palikuwa na mkahawa wa kahawa chungu. Ulikwenda wapi?"

"Ulifungwa zamani, babu," akajibu yule bibi, akamwangalia vizuri. "Nyinyi mulikuwa wa Kilindini?"

"Wa Kilindini."

"Mwatoka mbali," akasema, akampa kiti. Wakaongea kwa dakika chache kwa Kiswahili ambacho mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilikifuata kwa taabu. Kisha filimbi ikalia. Tulikuwa tumechelewa kwenda kutazama bandari.

Kutazama ndilo neno. Bandarini hatukuingia. Basi lilisimama kando ya barabara karibu na lango moja, malori yakipita yamebeba makontena. Kijana wa fulana ya njano akapanda ukingo wa mtaro ili aonekane.

"Hapa ndio Kilindini," akasema. "Hii bandari ilijengwa na Waingereza. Walikuja wakapata hakuna kitu, ni msitu tu na mikoko, wakajenga. Ndio mnaona leo hii nchi yetu iko na uchumi."

Wanafunzi wakaandika. Nilitambua sentensi ile. Ilikuwa yangu ya darasani, bila koti la Kiingereza.

Baba alikuwa ameketi mbele ya basi, mlango wazi. Akashuka polepole, akishika nguzo. Akaenda kwa yule kijana.

"Mwanangu, gati ya ngapi hino iko nyuma ya ghala lile?"

"Mzee, hiyo haiko kwa ziara."

"Sikuuliza kama iko kwa ziara. Nauliza ya ngapi."

Kijana hakujua. Akacheka na kumwangalia mwalimu mkuu kwa macho ya kuomba msaada. Mwalimu mkuu akaja, akamshika baba kiwiko kama mtu anayemwongoza kipofu.

"Mzee wetu, asante sana kwa mchango. Watoto, mpigieni makofi. Sasa turudi kwa basi, chakula kinapoa."

Baba akautoa mkono wake. Akaenda hadi langoni. Askari wa lango, mwanamke mwenye kofia iliyomzidi kichwa, alimwambia kwa heshima kwamba bila kibali haruhusiwi. Baba akamwambia anataka kusimama mahali fulani kwa dakika tano, kisha atatoka. Askari akasema pole, baba, hata akija waziri. Baba akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Halafu akageuka, akatafuta ukingo wa barabara penye kivuli cha ukuta, akakaa chini.

"Mzee, tunaenda," akasema mwalimu mkuu.

"Nendeni. Nitakaa hapa kidogo."

Nilikwenda kwake nikiwa na hasira. Naikiri hasira hiyo kwa sababu ilikuwa ya mtu anayeaibishwa na baba yake mbele ya watoto wa watu, hasira ileile ya kidato cha pili.

"Nau, inuka. Unatuchelewesha. Unataka nini hapa?"

"Pana mtu alikufa hapa," akasema. "Nataka kukaa naye."

Msichana mmoja wa darasa langu, asiyekuwa hodari katika lolote ninalolifundisha, alikuwa amenifuata. Akakaa chini kando ya baba, kwenye vumbi, na sketi yake ya sare.

"Alikuwa nani, mzee?" akauliza.

Swali hilo mimi sikuwa nimewahi kumuuliza, si kuhusu mtu huyo wala mwingine yeyote. Wengine wakaja mmoja mmoja, wakakaa. Baba akawasimulia.

Alikuwa kijana wa Katangi, huku kwetu Ukambani, akasema, wa rika lake. Walikutana ndani ya gari la moshi wakienda kutafuta kazi mara ya kwanza, wakakaa chumba kimoja mtaa wa Majengo pamoja na wengine sita, wakilala kwa zamu kwa sababu vitanda vilikuwa vichache kuliko watu. Walifanya kazi katika gangi moja, kikosi kimoja cha makuli. Kulikuwa na meli ya saruji. Wao walikuwa chini kabisa, ndani ya tumbo la meli, wakipanga magunia juu ya wavu wa kamba, na winchi inayavuta juu. Asubuhi ile waliona kwamba kamba za wavu mmoja zimechakaa. Wakamwambia nyapara wao. Nyapara akasema meli inangojewa, nyavu nyingine ziko kwa wengine, wafanye kazi au waondoke, kuna watu mia nje ya lango wanaotaka nafasi yao.

"Na walikuwako kweli," baba akasema. "Pale unapokaa wewe, walikuwa wamekaa wakingoja."

Wakafanya kazi. Wavu ulikatika mara ya tano au ya sita kuvutwa. Baba alikuwa amerudi nyuma kuchukua gunia jingine. Yule wa Katangi alikuwa chini ya wavu.

"Vumbi la saruji lilijaa hata hatuonani," akasema. "Tulimtafuta kwa mikono. Tulipompata alikuwa mweupe wote kama mtu aliyetengenezwa kwa unga. Tukampandisha kwa winchi ileile. Nyapara akaleta wavu mwingine. Mpya. Ulikuwako."

Hakuna mwanafunzi aliyeandika. Mwalimu mkuu alikuwa kando ya basi, akitazama saa yake na kisha simu yake. Kijana wa fulana ya njano alikuwa amekaribia, filimbi mkononi.

"Halafu?" akauliza yule msichana.

"Halafu tukamaliza zamu. Meli ilikuwa yangojewa."

Alizikwa Mombasa kesho yake, baba akasema, na yeye akatumwa na wenzake kupeleka habari nyumbani. Akapanda gari la moshi hadi Athi, akatembea na kudandia malori hadi Katangi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika alimkuta mama wa marehemu anapura mbaazi, na maneno yote yakampotea. Akamwambia mwanao alishikwa na homa, akalazwa hospitali nzuri, akahudumiwa vizuri, akafa usingizini.

"Nilidanganya," akawaambia wanafunzi. "Nikanywa uji wao nikaondoka. Sijarudi Katangi tena."

Kutoka Mwala hadi Katangi si mbali. Ni mwendo wa asubuhi moja kwa bodaboda. Nilikaa pale ukingoni nikijaribu kukumbuka kama nilimsikia baba akikitaja Katangi hata mara moja maishani mwangu. Sikukumbuka. Kulikuwa na mnada mzuri wa mbuzi huko, na yeye kila mara aliwapeleka wake kwingine.

Chakula kilipoa. Mwalimu mkuu hakusema nami hadi Machakos.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia kwenye ukingo ule wa barabara, kwamba watoto walielimika na mimi nikaelimika. Lakini shule ni shule. Muhula uliofuata ulikuja mtihani wa pamoja wa shule za eneo letu, na swali lilikuwa lile la kila mwaka: eleza mambo yaliyochangia kukua kwa bandari ya Kilindini. Wanafunzi wangu waliandika kuhusu kina cha maji na kuhusu reli kama nilivyowazoesha. Halafu wengi wao wakaandika kuhusu watu. Mmoja aliandika kwamba bandari ilikua kwa mabega ya watu kutoka Ukambani, Nyanza na pwani, waliobeba magunia ndani ya meli zenye nyavu mbovu. Karatasi zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine. Zote zilirudi na mkwaju mwekundu mahali hapo.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Karatasi zilikuwa mezani kwake.

"Mwalimu, hii mambo ya mabega," akasema, "iko kwa mwongozo wa kusahihisha?"

"Sijauona mwongozo."

"Basi nenda uone. Tumeshuka nafasi. Hii ni kwa sababu ya ile hadithi ya mzee. Nilisema asiongee."

Nilikwenda kwenye kikao cha walimu wa somo. Nilibeba karatasi za watoto na hotuba niliyoiandaa usiku mzima kichwani, hotuba kali, yenye kumtetea baba. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mwanamume mpole niliyesoma naye chuo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua mwongozo, akaugeuzia kwangu, akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Jibu lipo," akasema. "Hatukulikataa. Watoto wako hawakuliandika inavyotakiwa."

Mstari wa nne ulisema: upatikanaji wa nguvukazi rahisi. Alama moja.

"Wangeandika hivyo wangepata," akasema. "Wewe mwenyewe ndiwe uliyetuletea maneno hayo, ule mwaka uliotunga mwongozo. Umesahau?"

Walimu wawili watatu wakacheka, bila ubaya. Nilikuwa nimesahau kabisa. Lakini yalikuwa maneno yangu, yaliyopigwa chapa na kurithiwa mwaka baada ya mwaka. Mstari wa kwanza maji yenye kina, wa pili reli, wa tatu utajiri wa bara, wa nne baba yangu. Na baada yake, mstari wa tano, hali nzuri ya hewa. Nilikusanya karatasi zangu nikaketi, na hotuba yangu sikuitaja tena. Nimewadharau watu wengi katika masimulizi haya, yule kijana wa filimbi, mwalimu mkuu na suti zake, kitabu na vitenzi vyake. Hakuna kati yao aliyekulia katika nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa Kilindini, akala, akasomeshwa, kisha akakaa na kalamu akamwita aliyemsomesha rahisi.

Jioni nilimweleza baba. Sikutaka, lakini aliuliza watoto wamefaulu vipi.

"Hiyo nguvukazi rahisi ndiyo nani?" akauliza.

"Ni nyinyi, Nau."

"Na yule wa Katangi yumo?"

"Yumo."

Nilingoja anilaumu, nami ningefurahi kulaumiwa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Miaka yote hiyo ulikuwa wafundisha Kilindini, mwaitu, nami niko Mwala. Hukuja kuniuliza." Halafu akasema, "Jumamosi nipeleke Katangi."

Tulikodi gari la jirani. Njia ilikuwa kavu, ng'ombe wamelala kando ya barabara, mikokoteni ya punda yenye mitungi ya maji ikitupisha. Sokoni Katangi tuliulizia ile familia katika duka la kwanza, tukaelekezwa la pili, na huko mwanamume wa makamo aliyekuwa akipima maharagwe akasema marehemu alikuwa mjomba wake, ambaye hakumwona. Mama yake yeye, dada mdogo wa marehemu, bado yuko hai, akasema. Akafunga duka akatupeleka.

Mwanamke huyo alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akisuka kiondo. Baba alisimama mbele yake, kofia mkononi. Alimwambia kwa Kikamba yeye ni nani, na kwamba ndiye aliyeleta habari za kaka yake.

"Nakukumbuka," akasema yule mama. Hakuinua macho kutoka kwenye kiondo. "Nilikuletea uji."

"Nilikuja kusema kwamba haikuwa homa."

"Tulijua haikuwa homa."

Baba akasogea hatua moja karibu.

"Ulikuwa na saruji masikioni," akasema yule mama. "Nilikuwa mtoto, lakini niliiona. Mama naye aliiona. Uliondoka tu akasema, kijana huyu hajui kudanganya. Kisha mwezi uliofuata akaja mwingine wa gangi lenu akatueleza yote, wavu na nyapara. Mama akasema, yule wa kwanza akirudi tusimwaibishe, tumpe chakula, aseme mwenyewe akiwa tayari." Sasa ndipo alipoinua macho, na hayakuwa macho ya upole. "Alikungoja hadi alipokufa. Kila siku ya mnada aliuliza kama kuna mtu wa Mwala amepita. Ulikuwa wapi wewe mwanamume mzima? Mbuzi zako uliuzia wapi?"

"Masii," akasema baba.

"Masii," akarudia yule mama kwa dharau ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, na mimi ni mwalimu. "Alikwenda Masii."

Mpwa wa marehemu akaleta viti. Baba akakaa, akaanza kusimulia upya, tangu ndani ya gari la moshi, na yule mama alimkatiza kila mara kuuliza vitu vidogo: kaka yake alilala upande gani wa chumba, alipika nini siku za Jumapili, alikuwa bado akipiga mluzi anapokasirika. Baba alikuwa na majibu ya yote. Nilisikia kwamba mtu yule wa mstari wa nne hakula samaki hata mara moja, kwa kuwa alisema wana macho ya watu, na kwamba alikuwa akijiwekea akiba ya kununua cherehani kwa ajili ya mdogo wake huyu.

"Cherehani gani?" akauliza yule mama.

"Ya mkono. Alikuwa ameichagua. Kila tulipopita duka lile alisimama kuiangalia."

Yule mama aliweka kiondo chini. Akamwambia mwanawe aweke maji ya chai.

Jua lilipoanza kulegea nikamwambia baba twende, kwa sababu gari ni la watu. Akasema yeye harudi leo. Yule mama hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba kuna kitanda katika chumba cha mwanawe, na kwamba kesho baada ya misa watakuja ndugu wengine, na atalazimika kusimulia tena kuanzia mwanzo, kwa hiyo asijichoshe. Baba akasema vizuri. Nikawaacha wakibishana kama marehemu alikuwa mrefu au mfupi, nikapanda gari, nikarudi Mumbuni peke yangu.